Jina Alilopewa Tumbili

Picha ya kwanza ya yule tumbili niliipokea nikiwa nimefungwa kanga kifuani. Mama alikuwa amenikaza kanga mbili, moja juu ya nyingine, ili maziwa yakauke, maana mtoto wa kuyanyonya tulikuwa tumeshamzika. Nilikuwa nimelala ubavu chumbani kwake, Chamazi, simu ikalia kidogo ikanyamaza, nikaona ni ujumbe wa mume wangu, nikafungua. Amevaa magwanda, amekaa juu ya magunia ya mchanga. Amepakata kitu chenye manyoya ya kijivu na uso mweusi, amekifunika kwa fulana yake, anakinywesha maziwa kwa bomba la sindano. Chini ameandika, "Mcheki anavyovuta, ana nguvu huyu."

Niliitazama ile picha mpaka kioo cha simu kikazima, nikakiwasha tena. Maziwa yakanitoka, yakalowesha kanga zote mbili na shuka la mama. Watu wakisikia kwamba nilimchukia mnyama asiyenijua wala kunikosea, huona nimekosa utu. Na waone. Hawakuwa wamelala pale kitandani.

Mume wangu ni askari. Alipelekwa Kongo kulinda amani, ingawa kwa alivyosimulia baadaye, amani ya kulindwa haikuwapo, kulikuwa na vita tu na watu wanaokimbia na magodoro kichwani. Aliondoka mimba yangu haijaonekana. Mimi ni fundi wa kushona vitambaa vya makochi, Keko, pale ambapo mafundi seremala wamepanga makochi na vitanda mpaka ukingoni mwa barabara. Nilishona mpaka tumbo likawa linagusa meza ya cherehani, na kila jioni nilimpa habari za tumbo hilo kwa simu.

Katika simu hizo ndipo tulipolichagua jina. Kwetu mtoto hapewi jina kabla ya siku ya saba, na hata wazazi wakiwa nalo moyoni hawalitaji, wanaogopa kumtangulia Mungu. Mume wangu hakuweza kungoja. Alinibembeleza jioni nzima, akasema yuko mbali na hajui kesho yake, basi angalau awe na jina la kulala nalo. Akachagua jina la marehemu baba yake, mzee aliyekuwa akiadhini msikiti wa mtaa wao Temeke mpaka sauti ilipomwisha. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba asilisikie mtu yeyote, si mama yangu wala ndugu zake, mpaka siku ya saba ifike. Likawa jina la watu wawili tu duniani.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Alilia vizuri, akanyonya, akanishika kidole. Kisha kifua kikaanza kumbana, wakamweka kwenye hewa ya mashine, wakamtoa, wakamrudisha. Hakuifikia siku ya saba.

Sijui kama kuna jambo linalofanywa haraka duniani kama kuzika kichanga. Kaka yangu alimchukua mikononi, amefunikwa kanga yangu mpya, wakatoka yeye na wanaume wachache wakaenda kumswalia na kumzika. Wanawake kwetu hatufuati jeneza, wala hapakuwa na jeneza. Kabla ya alasiri walikuwa wamesharudi, wamenawa miguu bombani, wanaulizana habari za kazi. Hakuna turubai lililofungwa, wala sufuria la msiba, wala mkeka. Msiba wa kichanga hauna tanga, waliniambia. Malaika haliliwi, ukimlilia unamchelewesha njiani. Utapata mwingine, bado mdogo wewe. Jirani akifiwa na mbuzi watu hukaa barazani mpaka jioni kuulizana amekula nini, lakini mimi niliambiwa nifute machozi maana yanateleza njia ya mtoto kwenda peponi.

Na hakuna aliyeniuliza jina. Kwa hesabu yao hakuwa nalo. Nikalifunga mdomoni, nikasema huyu mtoto ana kitu kimoja tu chake, na anakijua mama yake na baba yake.

Mume wangu nilimpigia mwenyewe. Akasema inna lillahi, kisha akasema mtandao unakatika, na kweli ukakatika. Aliomba ruhusa ya kuja, lakini wiki hiyo njia ya kwenda uwanja wa ndege ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Hilo sikumlaumu, risasi hazina adabu wala hazijui mfiwa. Nilimlaumu kwa yaliyofuata. Alipopiga tena hakuniuliza mtoto alifanana na nani. Hakuniuliza nilimvisha nini. Aliniambia amepata tumbili.

Ikawa ndiyo habari. Wawindaji walikuwa wakiuza nyama ya porini kando ya barabara, mizoga imening'inizwa kwenye fito, na huyu mdogo alikuwa bado ameng'ang'ania tumboni mwa mama yake aliyekufa. Mume wangu akatoa kopo la samaki akapewa mtoto. Hapo simu zikajaa tumbili. Tumbili amekataa ugali, amependa biskuti. Analala ndani ya kofia ya chuma iliyopinduliwa. Anaogopa radi kuliko mizinga. Mwenziwe mume wangu akimgusa bega kwa mzaha, tumbili anamng'ata mtu huyo sikio. Mimi naitikia "mh", nashona, uzi unakatika.

Wenzangu kule Keko walicheka. Fundi mmoja wa kike anayekaa cherehani ya jirani aliniambia nijiandae, mume wangu ananiletea mke mwenza mwenye mkia, na zamu nitagawana naye. Nilicheka pia. Wao walijua nimepoteza mtoto, lakini hakuna aliyezitia habari hizo mbili katika mfuko mmoja. Mimi nilizitia, na nilitembea na mfuko huo kila siku kutoka Chamazi hadi Keko na kurudi.

Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, na hakuwa na tumbili. Kumbe ndiyo kwanza balaa linaanza. Nilikuwa na mwanamume aliyekaa uani anatazama ukuta wa matofali wa jirani. Akimenya ndizi anakata kipande cha kwanza, anakinyoosha pembeni bila kutazama, kisha anakumbuka, anakirudisha. Karanga alizitafuna moja moja, nyingine akizificha mfukoni mwa shati. Siku moja nilitoka jikoni nikamkuta ameshika simu, anaangalia picha za yule mnyama, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Machozi yenyewe hasa, na kamasi juu. Nilisimama na mwiko mkononi. Mtoto wetu hakuwa amepata hata tone moja la maji yale.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba makaburini sitakwenda mpaka anipeleke yeye. Wanawake wa kwetu huruhusiwa kuzuru baada ya siku kupita, na kaka alishajitolea kunionyesha. Nikakataa. Baba wa mtoto yupo, hakuwapo siku ya kuzika, basi awepo siku ya kuzuru. Hicho tu ndicho nilichokitaka kwake, asimame pale na amjue mwanawe. Kila nilipomwambia alisema Ijumaa. Ijumaa ikifika ana kazi kambini, au mguu unamuuma, au mvua. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, ndivyo wasemavyo wahenga, na mfiwa wangu alikuwa analilia jambo jingine. Tukaishi hivyo miezi, tunapakua chakula, tunalala kitanda kimoja, na jina lile halijatajwa hata mara moja ndani ya nyumba.

Ndipo akaja mtani.

Huyu alikuwa mwenzake mume wangu katika platuni moja kule Kongo, Mnyamwezi wa Tabora, sasa anajenga Goba kwenye kilima na kila siku analalamika gari la mchanga halipandi. Mimi na mume wangu sote Wazaramo, na asiyejua utani wa Mzaramo na Mnyamwezi hajui raha wala adha. Mtani anaingia nyumbani kwako kama kwake, anakutukana, anakunyang'anya kuku, na wewe huruhusiwi kununa. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika wewe ndiye umeshindwa, na atakwenda kukutangaza.

Alibisha hodi Jumapili mchana, akasema amekuja kuwaamsha Wazaramo, maana kwa uvivu wao jua linawakuta na kuwaacha kitandani. Nilimfungulia geti nikamwona ana mfuko mkubwa begani. Nikamwambia ashukuru Mungu, Mnyamwezi hata akipewa cheo jeshini bado anatembea na mzigo, upagazi uko kwenye damu. Tukacheka. Nilikuwa sijamwona mtu huyu hata siku moja lakini tayari tulikuwa ndugu.

Akakaa kwenye kiti cha uani, akafuta jasho. Mume wangu alikuwa chumbani anavaa shati. Mgeni akaniita Mama. Halafu akataja jina.

Alilitaja kirahisi tu, kama mtu anayemwita jirani wa miaka mingi. Mama Fulani, nipe maji. Jina la baba mkwe. Jina la mwanangu. Nilihisi masikio yanaziba. Nilidhani mume wangu amemweleza, kwamba walikuwa na siri zao za kiume, na nikawa tayari hata kushukuru kwamba angalau kuna mtu wa tatu anayelijua. Lakini yule bwana alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni, akatoa viatu vidogo vya kitoto, vile vyenye filimbi kisiginoni. Akakiminya kimoja, kikapiga kelele.

"Yuko wapi mwenyewe?" akauliza. "Atakuwa anatembea huyu saa hizi. Mwenzake mwenye mkia alikuwa anapanda mpaka kwenye mlingoti wa bendera."

Nikamuuliza mwenzake yupi. Akacheka mpaka kiti kikalia. Akaniambia kwani sijui, tumbili yule alipewa jina la mwanetu. Mume wangu alisema nimejifungua wa kiume nyumbani, na huyu wa porini ni pacha wake, basi jina ni moja. Kikosi kizima kikawa kinamwita yeye Baba Fulani. Ukimtafuta Baba Fulani, akasema, unatazama kwanza juu ya mabega ya watu, ukiona mkia umempata.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, kifungo kimoja cha shati hakijafungwa. Nilimtazama, naye akatazama vile viatu.

Nikamwambia mgeni kwamba mtoto alikufa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kwamba alikufa kabla ya siku ya saba, huku ninyi mkiwa mnapakata tumbili.

Yule bwana akacheka.

Simlaumu, na hapo ndipo watu wasio wa kwetu wangemtoa macho. Watani hufishana kila siku. Mtani anaweza kukupigia simu akakwambia amesikia umekufa, na anauliza azikwe nani kwanza, wewe au kuku wako. Alidhani nimempiga pigo zuri la utani, akajibu kama anavyotakiwa kujibu mtani. Akasema kama ndivyo basi kaburi alichimbe yeye Mnyamwezi, maana Wazaramo mkishika jembe linawauliza mmekosea nini, na apewe jogoo wake wa kuchimbia. Akakiminya tena kile kiatu. Kisha akamwona mume wangu usoni.

Nimewahi kuona watu wakipatwa na aibu. Sijawahi kuona mtu akipungua namna ile. Alikiweka kiatu chini taratibu, kisitoe sauti, lakini kikalia.

Sasa hasira yote niliyokuwa nayo ilitafuta pa kwenda. Kwa mtani haiwezi kwenda. Kwa kiatu haiwezi kwenda. Ikaenda mlangoni.

Nilimuuliza mume wangu kama kikosi kizima hakikujua. Akasema ndiyo, hawakujua. Nikamuuliza kwa nini.

"Ningewaambia nini?"

"Kwamba mwanao amekufa. Maneno mawili tu hayo, mbona mie nimeyasema hapa?"

Akakaa pale pale kizingitini. Akasema kwamba siku nilipompigia simu wenzake walikuwa wameshasikia mtoto amezaliwa, walikuwa wamempigia makopo na kumwagia maji, na kila mtu akawa anamwita kwa jina la baba. Akaona akisema, wote watampa pole, watanyamaza akipita, halafu jioni ile ile atapewa bunduki aende lindoni na watu wanaomwonea huruma. Hakutaka pole. Alitaka waendelee kumwita.

"Wewe ulikuwa unaniita mume wangu," akasema. "Kule ndiko kulikuwa na watu wanaoniita baba."

"Na jina ukaona limebaki bila mwenyewe, ukamvisha tumbili."

Akakishika kile kifungo cha shati, hakukifunga.

Nilisema mengi. Mengine siwezi kuyaandika, mama yangu bado anasoma maandishi yangu. Nilimwambia jina hilo lilikuwa kitu pekee mtoto alichoondoka nacho, kwamba sanda walimvisha wao, udongo walimtia wao, lakini jina tulimpa sisi, na yeye akalipeleka porini kumwitia mnyama biskuti. Nilimwambia baba yake mzazi, mwadhini, amelala kaburini huku jina lake linapigiwa mluzi na askari. Nilimwambia nilikuwa namwaga maziwa kwenye kanga. Nilipofika hapo sauti ilipanda, na jirani akazima redio yake ili asikie vizuri. Nikamwambia jirani naye asikilize vizuri, msiba huu haukuwa na turubai, basi matangazo yake ndiyo haya.

Mwisho nikamuuliza, huyo mwanao wa porini uliyemlilia humu ndani, mbona hukumleta? Mbona ulimtupa?

Mume wangu akainamisha kichwa. Aliyejibu ni mtani. Aliomba radhi kwanza, akaniita shemeji, akauweka utani pembeni. Akasema nisimchukulie yule tumbili kitu cha mchezo, yeye mwenyewe yuko hai kwa ajili yake. Kuna asubuhi tumbili alipiga kelele akarukia handakini kabla hawajasikia chochote, mume wangu akamfuata kwa mazoea, na wao wakamfuata mume wangu kwa mshangao, kisha kombora likaangukia pale walipokuwa wanakunywa chai. Tangu hapo hata mkuu wao alikuwa akimwachia kipande cha mkate.

Lakini zamu yao ilipokwisha amri ikaja kwamba mnyama hapandi ndege. Mume wangu alimpeleka msituni, akarudi, akamkuta tumbili ameshatangulia kambini. Akampeleka kwa mama mmoja wa kijijini, akamwachia na vyakula. Siku ya kuondoka, magari yameshawashwa, tumbili akatokea mbio na kipande cha kamba shingoni, akarukia gari, akapanda mpaka begani pake pa siku zote. Mkuu akasema amshushe. Akamshusha, akapanda tena. Gari lilikuwa linangojewa na njia ilikuwa si salama. Mume wangu akashuka, akaokota mawe.

"Alimpiga," mtani akasema. "Mpaka akarudi nyuma. Analitaja jina, anatupa. Anamwambia nenda, Fulani, nenda. Moja lilimpata hapa." Akajigusa juu ya jicho. "Akakaa katikati ya barabara anatutazama. Hakukimbia tena."

Nitasema ukweli wangu. Nilitaka kumwonea huruma mume wangu, hasira ikanikatalia. Huruma kwa tumbili nilikuwa nayo, tena nyingi, ikanijia ghafla kwa mnyama niliyemchukia mwaka mzima, aliyevishwa jina asiloliomba na kupigwa mawe nalo. Lakini kwa mume wangu niliona jambo moja tu. Mara ya mwisho baba yake kulitaja jina la mwanangu, alikuwa anarusha mawe. Kama lisingetajwa tena na baba yake, basi lingebaki hivyo.

Nilimwambia twende makaburini sasa hivi. Akafungua mdomo, na nilijua itatoka Ijumaa.

Mtani akamkatiza. Alisimama, akauliza jembe liko wapi. Akasema kwao mtani akipitwa na msiba hajasamehewa, kazi yake inamngoja, kuchimba ama kusafisha, na mfiwa hana ruhusa ya kumzuia. Mkinizuia mmenifukuza utanini, akasema, na hakuna Mzaramo ambaye babu yake aliwahi kufanya hivyo. Hakutania hata kidogo, na mume wangu, aliyekuwa amenikwepa mimi miezi yote ile, hakuweza kumkwepa yeye. Mke unaweza kumwambia Ijumaa. Mtani mwenye jembe begani humwambii Ijumaa. Akavaa viatu.

Nilimpigia kaka, akatukuta njiani. Makaburi yale hayako mbali, yamezungukwa na nyumba, watu wamefua nguo zao wamezianika hadi kwenye miiba ya uzio. Vichanga wamelazwa upande wa chini, karibu na ukuta. Hakuna vibao. Kuna vituta vidogo vilivyoshuka, nyasi, na mifuko iliyopeperuka kutoka sokoni.

Kaka akaenda moja kwa moja kama mtu anayejua. Akasimama. Akasogea hatua mbili. Akasema ni hapa, kisha akatazama ukuta, akasema au hapa. Mvua mbili zimepita, akasema, na wengine wamezikwa katikati. Aliona ninavyomtazama, akaacha kuzungumza. Yeye ndiye aliyemshika mtoto mikononi, na alikuwa hajui alipomweka. Nilikuwa nimemngoja mume wangu kwa kiburi changu chote, na kule chini nyasi hazikumngoja mtu. Nilikasirika hata na nyasi.

Mtani akasema kama ni hivyo basi tunapalilia safu yote, wote ni wenyeji wetu. Akaanza. Kaka akachukua panga. Mume wangu akapiga magoti, akang'oa kwa mikono, anatoa nyasi na mizizi yake, anapapasa udongo, anasawazisha kila kituta kwa kiganja. Alifanya kazi ile bila kuinua uso. Mimi sikuinama. Nilikuja kumwona yeye akimjua mwanawe, na kupalilia si kujua.

Safu ilipokuwa safi wote wakasimama, wanapangusa mikono. Kaka akataka tusome dua. Nikasema bado.

"Mwite," nikamwambia mume wangu.

Akaniuliza nani.

"Unamjua. Kwa jina lake. Tangu azaliwe baba yake hajamwita."

Alivitazama vituta kimoja kimoja. Kisha akalitaja, na lilitoka fupi, gumu, kwa sauti ya juu, mkono wake wa kulia umekunjwa ngumi. Mtani akageuza uso upande wa ukuta. Aliijua sauti ile.

"Hapana," nikasema. "Hivyo unafukuza. Huyu hakukufuata popote, humfukuzi. Mwite."

Akalitaja tena, likatoka kwa kunong'ona. Nikamwambia nimesikia mimi, mtoto hajasikia. Kaka akanishika mkono kuniomba nimwache mwenzangu, mbele ya watu haifai. Nikauondoa mkono wake. Mbele ya watu ndipo ilipofaa, sikuwa nimepata watu siku ya maziko.

Mara iliyofuata jina lilimkatikia katikati. Alibaki na nusu yake mdomoni, kifua kinapanda na kushuka, akajaribu kulimaliza likakataa, akajaribu tena. Lilipotoka lote lilikuwa la mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili, aje ale. Akaanguka kwa magoti juu ya ule udongo, hajui kama ni kituta cha wetu au cha mwenzetu, akawa analiita, analiita, na machozi yanadondoka.

Mtani aliweka jembe chini akaenda kumwinua.

"Mwache," nikamwambia. "Hajamaliza."